Saa Mbili Zisizosemezana

Jumatano, tarehe 11 Juni

Basi kaondoka. Kaenda kumuuguza mama yake, kaniachia nyumba na lile kasha la mayai. Mkwe wangu huyo, mke wa mwanangu dereva wa malori. Hii simu kaniwekea yeye: nasema, yenyewe inaandika. Kusoma sijui. Anayesema peke yake wanamwita chizi, lakini akishika simu anakuwa mtu wa kisasa.

Kasha ni mashine ya kutotolea vifaranga. Waya umetoka humo mpaka kwenye kompyuta, na humo kwenye kompyuta mkwe katengeneza programu kwa mikono yake. Ina saa mbili. Ya kwanza kila baada ya dakika chache inaliuliza kasha: una joto kiasi gani? Likipungua inawasha taa ya kulipasha, likizidi inazima. Ya pili inamtumia mkwe ujumbe kwenye simu. Zinarudia, zinarudia, hazichoki. Ningepata mume wa namna hiyo ningezeeka vizuri.

"Mama, usiguse kitu," kaniambia mlangoni. Nikamwambia, nimelea watoto, nitashindwa na mayai?

Mayai ya mara ya kwanza yaliharibika yote. Mwanangu akasema mezani, kwa ile sauti ya chini kama ya baba yake: haya nayo yakiharibika, kasha linauzwa, mke wake anarudi ofisini. Kule kule alikokuwa analia kila Jumapili jioni akifikiria kesho.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Fundi mbao wa jirani anapasua mbao tangu asubuhi. Vumbi lote kwetu. Nimeifunika kompyuta kwa kitambaa changu cha kichwa, juu nikaweka kikapu cha nyuzi kisipeperuke. Sikugusa kitu. Nimefunika tu.

Mchana mkwe kapiga. Mama yake kaanza kula kidogo. Nikauliza, ujumbe unafika?

"Unafika, Mama. Joto limetulia, halijapanda wala kushuka hata nukta. Una mkono wa baraka."

Kichwa kikavimba. Nikamsimulia fundi mbao, akasema basi niende nikamlindie na mke wake. Hana adabu yule.

Jioni — mkwe karudi, joto lisilosogea limemtia shaka. Hakusalimia. Kaweka mkono juu ya kasha, kautoa, kauweka tena.

"Mama, limepoa."

"Lakini ujumbe si—"

"Ujumbe unasema liko vizuri. Hata sasa hivi umeingia mwingine."

Kafunua kitambaa. Kikapu kimekilalia kile kidude cha mkononi, mausi, kimekibana kitufe. Mkwe akakaa sakafuni.

Kanieleza polepole, kama anajieleza mwenyewe. Saa ya joto kaifunga kwenye kile kidirisha cha kwenye kioo. Kidirisha kikishikwa na mausi, nayo inasimama, inangoja kiachiwe. Ilisimama taa ikiwa imezimwa, na wa kuiwasha tena hakuna. Saa ya ujumbe iko nyuma kivyake, haina habari kama mwenzake kasimama. Ikachukua namba ya mwisho iliyoikuta, ikairudia kutwa nzima.

Ndiyo maana hata nukta haikusogea.

"Kikapu ni changu," nikasema.

"Na saa ni zangu, Mama. Niliziweka hazisemezani."

Nikamwambia, kama mimi na wifi yangu mkubwa zamani. Nyumba moja, hatusemeshani, na mgeni akimuulizia mwenzangu namjibu hajambo, hata sijamwona. Mkwe akataka kucheka, kikatoka kilio.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Mwanangu kaingia asubuhi. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kachukua spana, kachuchumaa mbele ya kasha, anaangalia nati.

"Yamekufa?"

"Sijui," mkwe kasema, macho kwenye kompyuta.

Saa ya joto kaitoa kwenye kidirisha, iko kivyake sasa. Na ile ya ujumbe, kabla ya kutuma imuulize mwenzake kama yuko macho. Asipojibu, itume neno moja tu: sijui.

Nikamwambia mwanangu, hata kuku huyaacha mayai yake akaenda kula, akarudi, na vifaranga vikatoka.

"Kutwa nzima, Mama?"

Kutwa nzima kuku haendi kula.

Sasa wako stoo na trei ya kwanza, mlango wamefunga wapate giza. Yai ukilimulika na tochi, lililo hai kuna kitu kinasogea ndani. Lililokufa limetulia. Neno hilo nimelichukia.

Niko hapa nje na simu yangu. Leo hata fundi mbao hapasui, kaona uso wangu. Spana iko hapa kizingitini, mwanangu kaiweka chini apate kushika tochi.

Ngoja. Wanasema kitu. Mkwe: "Ligeuze. Tena. Polepole."

Nimeweka sikio mlangoni.

"Mama!" Ni mwanangu huyo, si mkwe. "Mama, njoo. Na ufunge mlango, haya mayai yasipigwe na baridi."

Naja, baba. Naja—