Fulana ya Semina Haimkingi Mtoto

Mama Johari, mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili maana nimechanganyikiwa, nina mtoto mchanga wa kike ambaye ameanza kuwashwa na kulia akikojoa, mama mkwe, ambaye ndiye anayenilelea mtoto nikienda shamba, akasema hiyo ni lawalawa, dawa yake ni kumkeketa angali mchanga, na Jumapili anakuja na bibi mmoja, eti wanakuja kumwona mtoto tu, lakini kazi ya yule bibi naijua, na kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi ndiye mwelimishaji wa kijiji, wimbo wa kupinga ukeketaji nimeutunga mwenyewe na mama mkwe huwa anaitikia, fulana ya kampeni anayo, anaivaa akipalilia alizeti, mume wangu Amosi naye anajua madhara yote ila nikimgusia anasema, "Yule ni mama, nitaanzaje?", basi nikawaza nimwalike mama mkwe semina nyingine au nimtafutie kitabu, sasa nimweleweshe vipi?

Eliza, Mtinko

Marahaba, Eliza. Kitabu? Mama mkwe wako ameelewa kukuzidi. Asingejua kuwa ni kosa, asingemleta yule bibi kwa jina la mgeni. Mnajua nyote, mnaimba vizuri, mnakunywa soda za semina, kisha Jumapili mtamshika mtoto miguu. Elimu ya namna hiyo hata kasuku anayo.

Wewe unaogopa kuitwa mkwe asiye na adabu. Hofu hiyo naielewa, maana mama mkwe ndiye anayekulelea mtoto ukienda shamba. Ila hofu haiondolewi na semina.

Leo hii mpeleke mtoto zahanati, muwasho huo una dawa. Amosi amwambie mama yake kwa mdomo wake, tena kwa Kinyaturu, si kwa Kiswahili cha semina: "Mtoto wetu hakeketwi." Akishindwa, aache kujiita baba. Mtendaji wa kijiji apate taarifa kabla ya Jumapili. Halafu tafuta mama mwingine mwenye binti mchanga, mkatae pamoja, kwa sababu akikataa mmoja anaitwa mkorofi, wakikataa wawili watatu watu wanaanza kuzoea.

Wageni wakifika wasalimie kwa heshima, wapikie ugali na mlenda washibe. Mtoto abaki mgongoni kwako, na mtu akiomba kumpakata, mwambie hapana.