Magunia Yamefika bila Mama

Butembo, mtaa wa Furu
Tarehe 14 mwezi wa tatu, 2001

Mpendwa yaya Kakule, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo wote wa nyumba hii. Je, uko mzima? Kifua kimepoa? Huko Kinshasa unashiba kweli, wewe usiyelala bila bugali? Sisi tunapumua, shukrani kwa Bwana. Watoto wanakua, na mume wangu Abdias bado anakoroma.

Barua yako ilitufikia kupitia Kampala. Tulicheka mpaka machozi: wewe kontrola wa treni, watu wananing'inia milangoni, wengine wako juu ya paa, na treni haiondoki mpaka baadhi washuke. Uliandika kwamba vijana wakali huwagusi, unamshusha yule anayekuitikia vizuri. Mama alicheka kuliko sisi wote.

Sasa sikiliza yaliyotupata, maana kichwa changu kimevurugika.

Mama alikuwa Beni akimuuguza shangazi. Jumatatu akapanda lori la kurudi Butembo, akakaa juu ya magunia yake ya mchele, kama kila mtu anavyokaa juu ya mzigo wake. Convoyeur, yule anayepanga watu na mizigo, alikuwa Moustapha, mtoto wa Mama Rachida aliyekuwa jirani yetu. Tulifurahi kwamba ni mtu wetu.

Kwenye mlima wa Kabasha lori likashindwa. Tope tupu, na watu wamejaa mpaka juu ya kabini. Moustapha akashusha baadhi yao wapande kwa miguu. Lori lilipofika juu, risasi zikalia huko nyuma. Dereva hakungoja mtu. Jioni magunia ya mama yakateremshwa mlangoni kwangu, mwenyewe hayumo.

Nilimkamata Moustapha shati. Nikamuuliza kwa nini mama, na vijana wenye nguvu walikuwa wamejaa mle. Akalia.

"Dada Kanyere, bale bajeune, ukibaambia bashuke, banakutukana. Mama njo alisema, 'Ndiyo, mutoto wangu.' Donc, basi, nilimushusha yeye."

Yaya, nikamwachia shati. Nilitaka kumlaani, nikaona ninakulaani wewe, nawe nakupenda. Sasa nimkasirikie nani? Hao unaowashusha huko, huwa unajua kama wamefika kwao? Sijui tena kama upole wa mama ni neema au ni ugonjwa.

Jana habari zilikuja: mama yuko hai. Yuko kwa katekista mmoja chini ya mlima, mguu umevimba, hawezi kutembea. Abdias anasema tungoje barabara itulie. Lakini ni lini ilitulia? Moustapha anasema lori linashuka kesho, atamleta yeye mwenyewe. Nimsadiki? Nimelala na maswali hayo, nimeamka nayo.

Basi nimeamua kwenda, ingawa sielewi kitu. Kesho ninapanda na Moustapha. Tukirudi, nitakaa na mama, nimemshika. Lori likishindwa tena, ataambiwa ashuke, naye atasema ndiyo, ninamjua. Mimi nitasema hapana, hata wakinitukana. Hapo atashushwa mama wa mtu mwingine. Ninalijua hilo, yaya, ninaogopa, na bado nitasema hapana.

Msalimie sana shemeji Ornella, na Kitsa mdogo mumbusu shavuni. Wanangu Berthe na Débora wanakukumbuka kila siku. Mungu akushike mkono katika kazi yako, na hao abiria wako pia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,
Kanyere