Mume Wangu Anamjenga Siamanta, Nimfute?

Shangazi Grasiana, shikamoo. Naomba uniokoe kabla sijafanya jambo, maana nimefika mahali ambapo hata chumvi nikitia kwenye mboga nasahau kama nimetia. Mimi ni Msambaa wa hapa Korogwe, mume wangu Moringe ni Mmasai wa kule Handeni, ana kibanda cha kutoa kopi na kutengeneza kompyuta pale Segera, tuna watoto, kanisani tunakaa benchi moja, watu wakituona wanasema hawa wametulia, kumbe ndani mimi naungua.

Shangazi, mume wangu ana gemu kwenye kompyuta, la kupigana na mazimwi, amekuwa nalo tangu anasoma ufundi Tanga kabla hajanioa, na ndani yake kuna mwanamke mwenye ngao aliyempa jina Siamanta, jina la Kimasai kabisa, la mtu, si la zimwi. Kila anayecheza hutengeneza mtu wake, akipanda ngazi anapewa alama, halafu anaamua mwenyewe azitie kwenye upanga, au uchawi wa moto, au uhai, na hiyo ndiyo wanaita kumjenga. Sasa rafiki yake Paulo ameshajenga watu wengi akawaacha, lakini Moringe ni yule yule mmoja, na alama zote anatia kwenye uhai na kinga ya sumu na homa, mpaka Paulo akamcheka mbele yangu, "Huyu wako haui hata panya, ila hafi." Moringe akajibu, "Ndivyo ninavyomtaka." Niliumia sana, kwa sababu mimi nikishikwa na malaria naambiwa meza dawa ulale.

Halafu waliotengeneza hilo gemu ni watu wawili tu huko ng'ambo, na mpaka leo wanatoa toleo jipya kila baada ya muda, bure, na kila likitoka anakwenda intaneti Korogwe mjini analileta kwenye flashi, anasema wamebadilisha kanuni, alama zimerudishwa, inabidi amjenge upya, basi anajifungia kibandani alasiri nzima. Shangazi, siku hizi za soko huria hata maji ya kunywa tunanunua, nani atakupa kitu bure miaka yote hiyo? Mimi nasema hayo matoleo ni kisingizio, intaneti anakwenda kuandikiana na huyo mwenye jina.

Na jina lenyewe analiandika juu ya kichwa cha huyo mwanamke ila halitamki, husema tu "huyu wangu," na siku moja Paulo alipoanza kulisoma kwa sauti, Moringe alimziba mdomo kwa kiganja, tena si kwa utani.

Basi Pasaka tulikwenda kwao, nikasema leo nalimaliza, tunakunywa chai na mama mkwe na baba zake wadogo, nikauliza, "Jamani, Siamanta ni nani?" Mama mkwe akaweka kikombe chini, akatoka akaenda kwa ndama, hakurudi mpaka tunaondoka. Njiani Moringe akaniambia, "Usilitaje tena hilo jina," na tangu hapo anakula kimya. Kwa hiyo ukoo mzima unamjua na unamfichia! Hao watu ni wa siri, Shangazi, hata dada yake aliyefariki akiwa msichana, Moringe akiwa shuleni, sijawahi kuonyeshwa kaburi wala kuambiwa alikuwa anaitwa nani, ni kama walishamsahau.

Paulo amenionyesha pa kubonyeza ili mtu wa gemu afutike asirudi tena. Jumamosi Moringe anakwenda mnadani Handeni na funguo za kibanda ninazo. Nimfute, au nifungashe virago nirudi kwa kaka zangu?

Yuditha, Korogwe

SHANGAZI GRASIANA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Usifute. Rudisha hizo funguo ulipozitoa, kisha ndiyo uendelee kusoma.

Wewe una macho makali kweli, umeona kila kitu, tatizo lako ni kwamba ulishatoa hukumu kabla ya kusikiliza. Mwanamume mwenye hawara huficha maandishi, na jina ndilo linalomponyoka mdomoni. Wako anaandika mchana kweupe na mdomoni halipiti. Na niambie, umesikia wapi hawara anayejengwa kwa kinga ya homa?

Mimi ni mzaliwa wa Sindeni, maziwa ya kwetu tulinunua kwa Wamasai, nimekaa nao misibani. Kwa wazee wao, msichana akifariki kabla hajaacha mtoto, jina lake huzikwa pamoja naye. Pale nyumbani halitajwi tena. Ninyi Wasambaa mtu akifa mnampa mjukuu jina lake, ndiyo maana ulipoona dada mtu hatajwi ukadhani amesahauliwa. Kumbe ulikaa katikati ya wafiwa, kikombe cha chai mkononi, ukamwita marehemu wao kwa sauti mbele ya mama aliyemzaa. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliona aibu kwa niaba yako.

Siwezi kukuapia, sikuwepo. Lakini muulize Moringe kwa upole dada yake aliugua nini, nadhani utaambiwa homa, na yeye alikuwa mbali shuleni. Kama nimekosea na huyo Siamanta yu hai anauza maziwa Hale, niandikie tena, nitakuja mwenyewe na kanga nimeifunga kiunoni.

Moringe naye simwachi. Baba, unaposema "usilitaje," malizia sentensi! Mke uliyemtoa kabila jingine atajuaje mwiko wa kwenu kama humwambii? Ulimwacha aingie shimoni, kisha ukamnunia kwa kuingia.

Na huyo Paulo, anayemfundisha mke wa rafiki yake pa kufutia vitu vya mumewe, chai yake mpe mlangoni na asivuke kizingiti.

Kuhusu wale wawili wa ng'ambo, nakuelewa, tumeshauziwa mbuzi kwenye gunia mara nyingi mno, sasa kila cha bure tunakinusa. Lakini wapo watu wanaotengeneza kitu wakakipenda, na hawachoki kukirekebisha. Hao hawakujui wewe wala Segera. Hawajui kwamba kila wanapobadilisha kanuni zao, kuna kaka mmoja huku anafunga kibanda alasiri nzima, anaanza upya, ili dada yake asife. Mwanangu, hicho ndicho ulichotaka kukibonyeza.

Sasa fanya hivi. Jumamosi usibaki nyumbani, panda naye gari kwenda Handeni. Nunua sukari na majani ya chai, fika kwa mama mkwe wako, inamisha kichwa akuguse, kama watoto wa kwao wanavyowasalimu wakubwa, umwambie, "Mama, nilitaja nisichokijua, nisamehe." Basi, ishia hapo. Usieleze, usilie kwa sauti, na kwa jina la Mungu usiulize kitu. Akikupa ndama umshike, mshike mpaka akuambie umwachie.

Mkisharudi, nenda kibandani, vuta kiti ukae karibu na mumeo, mwambie akufundishe kucheza. Utakufa mara nyingi, mazimwi hayatakuonea huruma, mcheke. Siku akikukabidhi yule mwanamke mwenye ngao umwongoze wewe, jua kwamba ameshakusamehe. Na jina lililo juu ya kichwa chake lisome kwa macho tu.