Mvua Ndani ya Hedifoni

Jumapili, 6 Oktoba 1996
Kupakua marobota ya tumbaku ghalani tena. Malori mawili kutoka Namtumbo. Mgongo umekufa. Tangu wanunuzi binafsi waingie, Jumapili imefutwa.
Jirani yangu Saidi, Myao wa Tunduru anayeuza redio za mitumba, ana kiboksi cha betri. Unakichomeka kati ya wokmani na hedifoni. Eti sauti inatoka kichwani, inakaa mbele yako kama mtu aliye chumbani. Nimempa koti langu. Baridi imekwisha.
“Unanunua sauti ya chumba,” amesema, “na chumba chenyewe cha kupanga.”
Mbwa yule.

Jumanne, 8 Oktoba
Adela hajui kuandika. Kutoka Biharamulo mke wangu hunitumia kaseti, mimi namrudishia. Ya mwezi uliopita nimeisikia mara nyingi, sauti imebanwa katikati ya masikio. Leo nimewasha kiboksi. Alikuwa amekaa kitandani pangu. Nililia.
Halafu mvua ikaanza kugonga bati. Nikakimbia nje kuanua nguo. Mbingu nyeupe, vumbi tupu. Mama mwenye nyumba akaniuliza kama nina homa.

Jumatano, 9 Oktoba
Mvua imo kwenye kaseti. Kule zimeshaanza.
Lakini nyumba yangu kule ni ya nyasi. Mvua ya nyasi haina kelele. Mabati yake yako hapa, nyuma ya mlango, nanunua moja moja. Kwenye kaseti anasema, “Nimekaa hapa kwetu, Baba Neema.”
Si kwetu.

Jumapili, 13 Oktoba
Nimerekodi jibu. Nimesalimia wote kwa zamu, kama desturi. Mwisho nimeuliza: bati hilo ni la nani? Kondakta wa basi ameichukua kaseti.
Labda alikuwa kwa dada yake. Dada yake naye ana nyasi.

Jumatatu, 4 Novemba
Hakuna kitu. Robota limeniangukia mguuni. Sikusikia maumivu sana.

Ijumaa, 22 Novemba
Kaseti imefika. Hakuna salamu za zamu. Muda mrefu ni chumba tu, kikubwa, mtu anavuta kiti. Halafu Adela:
“Ulisema mwaka mmoja, Baba Neema. Neema yuko kwa mama yako. Mimi usinitafute.”
Bila kiboksi nisingesikia kiti. Kiti cha mtu mzito.
Nimemchukia. Kisha nikahesabu miaka sita niliyokaa huku, nikakosa nguvu ya kumchukia.

Alhamisi, 28 Novemba
Jiko la mama mwenye nyumba linavuja. Nimempa mabati, nimeyapigilia mwenyewe. Saidi alishika ngazi, hakutania. Kiboksi nimemrudishia. Koti alikwisha kuliuza.
Nitamtumia mama kaseti, Neema aongee kidogo.
Jioni mvua ya kwanza. Nimekaa jikoni nikaisikiliza. Ni ileile.