Saa ya Baba Haitoki Pemba

Jadida, Wete,
Pemba.
Jumatano, 14 Septemba 1960
(Mwezi 22 Mfunguo Sita)

Mpendwa mdogo wangu Ame,

Assalamu alaykum. Natumai waraka huu utakukuta mzima huko Tanga, wewe na mkeo Mwanakhamis na huyo mtoto ambaye mpaka leo hamjatuletea tumwone. Kifua chako kimepoa? Ulisema vumbi la katani linakukohoza. Chemsha tangawizi, utie na karafuu mbili tatu, unywe ingali moto, wala usinijibu kwamba siku hizi wewe ni karani na dawa zetu zimekupita. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mume wangu Nyange yuko barabarani na gari lake kama kawaida, na mimi niko shuleni na cherehani zangu na wasichana wasiopenda kupiga pindo.

Karafuu mwaka huu zimekuja vizuri. Majamvi yametandazwa mpaka mlangoni petu, mtu akitaka kupita aombe ruhusa. Maulidi tumesoma salama, na Baba alikaa mpaka mwisho, akala halua kuliko vijana.

Sasa la saa. Nimeipata barua yako unayosema nimpe rafiki yako Kificho saa ya Baba aje nayo huko, kwa kuwa pana duka lenye vioo mlangoni na vyeti ukutani. Jawabu langu ni hapana. Saa haitoki Pemba. Usinune kwanza, soma mpaka mwisho.

Wewe uliondoka Baba angali anaona kivuli. Sasa haoni hata hicho. Saa ile ya dhahabu aliyopewa na marehemu tajiri wake, kwa miaka thelathini ya kupima karafuu bila kumpunja mtu hata ratili moja, ndiyo iliyokuwa macho yake. Akibonyeza kile kidude cha ubavuni inamgongea: saa kwa sauti nene, robo kwa sauti nyembamba. Hakuwa na haja ya kumwuliza mtu. Iliposimama, mwezi wa Mfunguo Tatu, akawa anatuuliza kutwa, saa ngapi, saa ngapi. Kisha siku moja akanyamaza, hakuuliza tena. Unamjua Baba, hapendi kumsumbua mtu hata kwa maji ya kunywa. Tangu hapo anakisia tu. Nilirudi shuleni siku moja nikamkuta ameshasali alasiri, na saa ni saba. Iliniuma, Ame. Siku ile niliapa kwamba saa itatengenezwa, na itatengenezwa na mtu ninayemwamini, si mtu wa kubahatisha.

Nilianza na fundi wa hapa mjini. Aliipokea kwa mkono mmoja, wa pili una kikombe cha kahawa, akasema niiache, nije baada ya siku nne. Nikamwambia aifungue pale pale na mimi nione. Akasema ndani ya saa ni siri ya fundi. Nikamwambia basi abaki na siri yake, nikaichukua saa yangu nikatoka.

Wa pili alikuwa Chake Chake. Huyo aliifungua, macho yakamtoka. Ugonjwa wake hakuutaja. Alichosema ni kwamba mzee wetu hana haja ya saa kuukuu, yeye yuko tayari kunipa mpya inayong'aa gizani, tubadilishane. Saa ya kung'aa gizani kwa mtu asiyeona! Nilicheka mpaka nikasahau kukasirika, hasira zikanijia nilipokuwa tayari garini. Na hivi ndivyo saa nzuri zinavyopotea. Kifuniko hurudi kile kile cha dhahabu, na ndani mmetiwa vyuma vya ovyo, nawe unashukuru na unakwenda zako. Ndiyo maana vyeti vya ukutani havinitishi. Ukuta haufungui saa.

Nyange ndiye aliyenikumbusha Mzee Mabruki wa Kengeja. Hana kibao wala duka, anatengeneza cherehani na saa ukumbini mwake. Mwaka jana tulimpelekea cherehani ya shule, akairudisha siku ile ile na salamu kwamba haina ugonjwa wowote, ila uzi umejizonga chini. Mtu mwengine angekaa nayo mwezi mzima. Nikasema, anayeweza kukwambia chombo chako hakina kitu, ndiye nimtakaye.

Nilikwenda Jumamosi kwa gari la Nyange, nimekaa katikati ya mikungu ya ndizi na saa nimeifunga kifuani. Mzee Mabruki kwanza alinawa mikono. Akatandaza kitambaa cheupe, akasoma namba iliyochorwa ndani ya kifuniko na nyengine iliyo kwenye mashine yenyewe, akaniambia niziandike zote mbili na karatasi nikae nayo mimi. Sikumwomba hayo. Kisha akatia kioo jichoni akaanza kufungua, nami nikakaa pale pale kutwa, namenya muhogo na mkewe Bi Siti, jicho moja kwenye kisu na jicho moja kwenye saa. Kila alichokitoa alikichora, akakiweka juu ya mchoro wake. Mwishowe akanyanyua kwa kibanio kitu kidogo kuliko punje ya ufuta. Lilikuwa jino la gurudumu la kugongea. Lilivunjika, likaangukia kati ya magurudumu mengine, ndiyo saa nzima ikasimama.

Nikamwuliza kama ni uzee. Akatikisa kichwa.

"Uzee hauvunji hivi, mwanangu. Saa hii kuna ntu huigeuza mishale ingali yagonga. Nani huyo?"

Ame, muhogo uliniteleza mkononi. Mtu huyo ni mimi. Si unakumbuka saa ya nyumba hii huwekwa kila Maghribi, adhana ikilia ndiyo kumi na mbili? Macho ya Baba yalipokwisha, kazi hiyo ikawa yangu. Yeye huibonyeza asikie imekwenda mbele au imebaki nyuma, mimi nageuza mishale. Na mimi na haraka zangu, udhu sijatia, chungu kiko motoni, sikuwa naingoja imalize kugonga. Miezi mitatu nimewashuku mafundi wa kisiwa kizima, kumbe aliyeiharibu saa ni mimi na kidole changu.

Mzee Mabruki aliisafisha, akairudisha kitu kimoja kimoja, ikaanza kwenda. Kisha akaniambia bila kuzunguka kwamba gurudumu lile yeye haliwezi, hana chombo cha kulikatia, na akilazimisha ataua na yaliyo mazima. Neno "siliwezi" sikulisikia kwa wale wawili. Hapo nilimwamini kabisa. Basi saa inakwenda, lakini haigongi.

Kwa hiyo Kificho hatakuletea saa. Atakuletea kibiriti, na ndani yake, katika pamba, limo gurudumu pamoja na mchoro wa Mzee Mabruki. Nenda nalo kwenye hilo duka lako la vyeti, wala usimweleze mtu kitu. Mpe fundi alitazame, umwulize limevunjikaje. Akisema ni uzee, au ni kutu, mshukuru uondoke. Akikuuliza ni nani aliyegeuza mishale saa ikigonga, huyo mwachie, hata akitaka miezi sita. Ukimkosa Tanga, nenda Mombasa likizo yako ikifika. Likikatwa, litarudi kwa Mzee Mabruki alitie yeye, mbele yangu. Usiniambie una kazi nyingi. Hili nimeshaliamua, na unanijua.

Jambo moja linanikaa rohoni. Baba nimemwambia kwamba jino limevunjika. Aliyelivunja sikumwambia. Naona haya, na naogopa. Nishauri.

Nilitaka kufunga hapo, lakini barua ya nyumba hii, kama ujuavyo, haifungwi mpaka Baba asomewe. Nimemsomea yote ukumbini, saa iko mkononi mwake, nikaruka kipande cha kidole changu na hilo la kunishauri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeruka," akasema.

Nikaanza kuikunja barua.

"Nilisikia siku ile, Mwanawema. Ilifanya krr chini ya nkono wako. Lau ningekwambia, ungeogopa kuishika tena, na mimi kila Maghribi ningemngoja nani?"

Nililia, Ame, sikuficha. Yeye akacheka. Adhana ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, akaninyooshea saa niiweke, akasema leo nigeuze nitakavyo, maana haigongi, sina cha kuvunja.

Sasa tumeshasali, nami namalizia haraka, kwa kuwa Kificho anakuja kuchukua mzigo wake na kesho anavuka. Msalimie sana Mwanakhamis, mwambie ubuyu na mkeka wake vimo. Nyange anakusalimu, na shangazi Mwanamize wa Kiuyu anauliza kama umeota mvi. Mungu akuzidishie afya na riziki ya halali, amkuze mwanao, na atukutanishe sote mbele ya macho ya Baba, hata kama hayaoni.

Ananiita ukumbini. Kwa mara ya kwanza tangu aliponyamaza, anauliza saa ngapi. Naenda kumwambia.

Dada yako akupendaye,
Mwanawema binti Silima