Ndara Nyuma ya Kipa

Muyeye, Malindi
Ijumaa

Kaka Stambuli,

Shikamoo. Natumai joto la Muscat halijakuzidi. Mama hajambo. Mdogo wetu Afiya jino la mbele limemtoka, siku ya tatu hii hataki kucheka.

Mazoezi ya timu ya chuo yamekwisha. Yule kipa mgeni, Mwambire wa Junju, hudaka kama mikono ina gundi, na kocha humwita "mwanangu". Mimi nina miaka miwili golini, huniita "wewe". Mwambire hana glavu. Aliniomba zile ulizonitumia, nikamwambia zimechanika. Hazijachanika, kaka.

Leo wachezaji wamechagua kipa kwa desturi yetu. Sisi wawili tunasimama tukiutazama ukuta, na kila mchezaji anaweka ndara moja nyuma ya kipa amtakaye. Nasi makipa huweka. Yangu niliiweka nyuma yangu mwenyewe, upesi, kabla ya kugeukia ukuta.

Tulipoambiwa tutazame, nyuma ya Mwambire palikuwa na rundo zima. Nyuma yangu ndara mbili tu: yangu, na nyingine ya buluu ambayo mkanda wake umefungwa kwa waya. Ndara hiyo chuo kizima kinaijua. Ni ya Mwambire.

Laiti angejichagua mwenyewe, kaka, ningepata sababu ya kumchukia. Sasa namchukia bila sababu, na glavu zako ziko chini ya godoro langu.

Nduguyo,
Taufiq