Nimeisugua Sayari ya Mume Wangu

Mshauri mpendwa, nisaidie maana nyumba yangu inapasuka na mpasuaji ni mimi. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi wa friji, yeye na mdogo wake mpiga picha za pasipoti wanatengeneza tamthilia ya safari za anga karakanani kwetu, chombo chao ni friji mbovu tatu zilizolazwa chini, na miezi yote mimi nilikuwa nawacheka tu. Basi Jumatano nikingoja wageni nikakuta kikaango changu cha zamani kimening'inizwa stoo kwa uzi, kitako cheusi tii, nikaona aibu, nikakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa. Jioni mteja aliyekuja kupima gauni akanionyesha tamthilia yao kwenye simu. Mshauri, niliona dunia ngeni ikizunguka polepole gizani, ina mabonde na mashimo, mwanga unapanda ukingoni mwake, na nahodha, ambaye ni mume wangu na bakuli kichwani, anasema kwa sauti ndogo, "Jamani, kuna mtu amewahi kuishi hapa." Nilisahau kupumua, nikaogopa, nikafurahi, machozi yakanitoka, kisha juu ya dunia ile nikautambua mkwaruzo niliouweka kwa kisu mwaka tuliooana. Miaka kumi na sita nimekipikia kile kikaango na sikuwahi kukiona!

Mume wangu alipoulizia nikaruka futi mia, "Sijakiona." Akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa anataka watumie mpira badala yake, "Wewe umekiiba ukakitupa!" Shemeji akasema, "Kaka, mimi mwizi? Haya," akabeba kamera akaondoka. Hawasemezani, sehemu ya mwisho haijapigwa, nahodha hajatua, na kikaango nimekificha chini ya vitambaa. Nifanyeje?

Msugua Vyombo

Dada yangu,

Pole, halafu fungua masikio. Ulisugua kwa kutojua, hilo halina kesi. Lakini kunyamaza shemeji yako akiitwa mwizi? Hapo umenikera kweli.

Nimeitazama hiyo tamthilia. Nilitaka dakika mbili tu, nikamaliza sehemu zote na chai yangu ikapoa. Uzi unaonekana, ndiyo, na bakuli linamteleza nahodha. Ila ule mwanga ulipopanda nilivua viatu kama niko mahali patakatifu, mtu mzima mimi.

Usikichome upya kisirisiri. Masizi ya miaka kumi na sita, ndiyo yale mabonde na mashimo, hayarudi kwa siku moja. Leo, kabla ya chakula cha mchana, nenda studio kwa shemeji yako, mwombe radhi ana kwa ana, kisha mfuatane hadi karakanani. Weka kikaango mezani, sema "Ni mimi," na usijitetee. Sayari nyingine wataitafuta wenyewe, hiyo ndiyo kazi yao. Mumeo akifoka, mwache afoke. Akimaliza, mwambie ulichohisi ulipoitazama ile dunia yake, maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Bwana huyo amefika mbali kiasi hicho, na mpaka leo anadhani mkewe anamcheka.